Bibi mkunga wetu anastahili jina la njia. Nani mwenye kauli ya mwisho: mtaa, kata au mfumo?

#1 Pwani_Mchanga
Habari za leo wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na serikali za mitaa.

Mwaka 2022, kwenye ile operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa, vijana wa kuandikisha walipita kwetu, pembezoni mwa Dar. Pale kona wakamkuta kijana wa duka, wakamuuliza hii njia inaitwaje. Kijana akatazama juu, akaona transfoma ya umeme, akajibu "Njia ya Transfoma". Wakaandika. Kibao kikaja, kikasimikwa, na tangu siku hiyo nyumba yetu iko Njia ya Transfoma. Transfoma yenyewe ilihamishwa mwaka uliofuata.

Sasa, mwaka jana tumemzika bibi mkunga wetu. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa familia bado ina mazungumzo. Mimi na dada zangu wawili tulipokelewa na mikono yake. Enzi hizo zahanati ilikuwa mbali, na ukiona taa ya chemli inakatiza kwenye majani usiku wa manane ulijua kuna nyumba inapata mgeni. Hakuwahi kutaja bei. Waliokuwa nacho walimpa doti ya khanga au kuku, wengine walimpa asante, na wote aliwarudia siku ya tatu kumwangalia mtoto kitovu. Wazee wameleta hoja njia ile ipewe jina lake, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akipita.

Tulipoenda ofisini mara ya kwanza tuliambiwa jina limeshaingia kwenye mfumo, halibadiliki. Mara ya pili tukaambiwa tuandike barua. Mara ya tatu tukaambiwa marehemu lazima akae miaka kadhaa kwanza. Majibu matatu, ofisi moja. Kuna aliyewahi kufanikisha jambo hili?

#2 Kiti_cha_Mbele
Ngoja waje wajuzi. Hapa siondoki.

#3 Karani_Mstaafu
Pole kwa msiba, Pwani_Mchanga. Nimeandika mihutasari ya vikao vya kata kwa zaidi ya miaka 20, nakujibu kwa ninachokijua.

Jina la njia linaanzia kwa wakazi. Mkutano wa mtaa unakaa, hoja inatolewa, inajadiliwa, ikipita inaandikwa kwenye muhtasari. Muhtasari unapanda kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kata ikiridhia, inakwenda halmashauri hadi Baraza la Madiwani. Baada ya hapo ndipo jina linaingizwa kwenye mfumo wa anwani. Mfumo ni daftari tu, na daftari linaandika walichokubaliana watu.

Maombi mengi yanaangushwa na karatasi. Unakuta muhtasari hauna orodha ya mahudhurio, au mwenyekiti amesaini na mtendaji hajasaini, au jina la marehemu limeandikwa kwa namna tatu ndani ya ukurasa mmoja. Hapo hata diwani mwenye nia njema hana la kufanya, faili linarudi chini na miezi mitatu imekwenda. Hilo la kukaa miaka kadhaa, mwombe akuonyeshe limeandikwa wapi.

#4 Mpima_Viwanja
Karani umenena, naongeza moja ambalo limewaponza wengi. Kwetu neno "mtaa" lina maana mbili. Mtaa ni njia yenye nyumba pande mbili, na mtaa ni eneo la utawala lenye mwenyekiti wake wa kuchaguliwa. Ukiandika barua ya "kubadili jina la mtaa", msomaji wa halmashauri anaelewa unataka kubadili eneo la utawala, lile linalotangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kupigiwa kura. Hilo ni suala la TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa, zito kuliko lenu. Pengine ndiyo sababu wanawazungusha. Andikeni "njia" au "barabara" kuanzia kichwa cha habari hadi saini.

#5 Pwani_Mchanga
Mpima_Viwanja, nimeenda kuitoa nakala ya barua sasa hivi. Imeandikwa "YAH: OMBI LA KUBADILI JINA LA MTAA". Mungu akubariki.

#6 Shabiki_wa_Msimbazi
Mimi ninavyojua, sheria inasema barabara haipewi jina la mtu aliye hai. Kwa hiyo bibi yenu amekidhi kigezo, endeleeni.

#7 Konda_wa_Zamani
Sheria ipi hiyo mkuu? Barabara ya Ali Hassan Mwinyi ilikuwa na jina lake mwenyewe yuko hai, zamani tukiiita Bagamoyo Road. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003 Mkapa akiwa Ikulu. Sam Nujoma amefariki Februari 2025, na barabara yake ya Mwenge hadi Ubungo nimeipiga ruti miaka na miaka. Ocean Road ikawa Barack Obama Drive mwaka 2013 mgeni alipokuja. Na daraja la juu la Mfugale pale Ubungo, mhandisi mwenyewe alikuwepo siku ya kufungua.

#8 Mpima_Viwanja
Konda, rekebisha hapo. La Mfugale liko TAZARA, lilifunguliwa Septemba 2018. La Ubungo ni la Kijazi, Februari 2021, na lilifunguliwa siku chache baada ya Balozi Kijazi kufariki.

#9 Konda_wa_Zamani
Nimekubali. TAZARA. Lakini hoja yangu inasimama.

#10 Karani_Mstaafu
Inasimama nusu. Mifano yote uliyotoa ni ya barabara kuu na madaraja, na mengi ya majina hayo yalishuka kutoka juu, hayakupanda kutoka mkutano wa mtaa. Njia ya Pwani_Mchanga ina upana wa bajaji mbili. Haihitaji hotuba ya mkubwa, inahitaji muhtasari safi.

#11 Jirani_wa_Neukölln
Salamu kutoka Berlin. Huyo aliyewaambia marehemu asubiri miaka, huenda alisikia habari za huku. Berlin kwa kawaida barabara haipewi jina la mtu mpaka ipite miaka 5 tangu afariki, ili machozi na siasa vipoe, na jina haliruhusiwi kujirudia. Kila wilaya ya jiji inaamua ya kwake.

Nilikuwa nakaa hatua chache na Wissmannstraße. Huyu Hermann von Wissmann ndiye aliyeletwa pwani yetu kuvunja upinzani wa Abushiri na Bwana Heri, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kila siku nilipita chini ya jina lile nikienda kazini. Mwaka 2021 wakaliondoa. Unajua waliweka nani? Lucy Lameck. Binti wa Kilimanjaro, mmoja wa wanawake wa kwanza katika uongozi wa Tanganyika huru. Lucy-Lameck-Straße. Siku ya kwanza nilisimama pale chini ya kibao nikalisoma kwa sauti, na mama mmoja wa Kijerumani akaniuliza linatamkwaje. Nikamfundisha.

Na mwaka 2024 kule Wedding, eneo jingine la Berlin, kipande kimoja cha Petersallee kimekuwa Maji-Maji-Allee. Hapa pana jambo la kujifunza. Petersallee iliwekwa 1939 kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule tuliyemwita Mkono wa Damu. Watu walipoanza kulalamika, mwaka 1986 wakuu wakasema kuanzia leo barabara hii inamkumbuka Hans Peters, diwani wa zamani wa Berlin. Kibao kikabaki, herufi zikabaki, wakabadilisha mtu. Ilibidi wanaharakati wapiganie miaka mingine mingi, na wakazi wengine wakaenda mahakamani kuzuia kwa sababu hawakutaka kubadili anwani zao.

#12 Kiti_cha_Mbele
Kubadilisha mtu bila kubadilisha kibao! Hii sijawahi kuisikia.

#13 Mama_Ntilie_Kinondoni
Jirani_wa_Neukölln umenitoa machozi na huyo Lucy Lameck. Hebu wana uzi nisaidieni: kwa hapa Dar, ukimtoa Bibi Titi, mnahesabu barabara kubwa ngapi zenye jina la mwanamke? Na Bibi Titi mwenyewe alifungwa kwa kesi ya uhaini, akatoka 1972, akaishi miaka mingi hakuna anayemtaja. Leo ukitoka Upanga kwenda Mnazi Mmoja unakatiza juu ya jina lake. Kwa hiyo mwanangu Pwani_Mchanga, usichoke. Akina mama waliozalisha mji huu hawamo kwenye ramani yake.

#14 Mwana_Gerezani
Mnaongelea kuenzi, ngojeni niwaambie ya Kariakoo. Kuna mtaa tumekua tukiuita Tandamti. Ukabadilishwa ukawa Mshume Kiyate, mmoja wa wale wazee wa TANU waliombeba Nyerere wakati hana kitu. Kipata ukawa Kleist Sykes. Wote wanastahili, tena sana. Lakini nenda leo muulize mbeba mizigo wa sokoni Mshume Kiyate ni wapi. Atakukodolea macho. Mwambie Tandamti, anakupeleka amefumba macho.

#15 Shabiki_wa_Msimbazi
Kwa sababu Tandamti ni jina la asili. Nimesikia ni aina ya mti uliokuwa pale.

#16 Mwana_Gerezani
Bibi yangu alisema ni kijiji cha kusini walikotoka watu wa kwanza kukaa mtaa ule.

#17 Msomaji_wa_Ramani
Nyote mna kipande. Tandamuti ni kilima huko Lindi, na Agosti 1917 palipiganwa vita kati ya Waingereza na Wajerumani. Sasa tazama mitaa jirani. Narung'ombe: vita vya Julai 1917, bara ya Kilwa. Mahiwa: vita vya Oktoba 1917, Lindi, ambavyo pande zote mbili zilipoteza watu wengi mno kwa siku chache. Na Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji 1916. Ukiyasoma majina hayo pamoja unasoma safari ya wapagazi wetu waliobeba risasi na unga mgongoni hadi kusini, na wengi hawakurudi.

Kwa hiyo Tandamti ilipoondoka, tulimpata mzee mmoja wa uhuru na tukapoteza kilima walikofia wengine. Sisemi ilikuwa kosa. Nasema kila kibao kipya kinakaa juu ya kaburi la kibao kingine, na kabla ya kung'oa ni vizuri kuuliza kilichoko chini.

#18 Mwana_Gerezani
Subhanallah. Nimezaliwa pale, nimecheza chandimu pale, leo ndiyo naambiwa. Lakini hao waliopachika majina si ni Waingereza kujisifia ushindi wao?

#19 Msomaji_wa_Ramani
Inawezekana. Na inawezekana askari na wapagazi waliorudi ndio walioyatia majina hayo mdomoni kwanza, serikali ikaandika baadaye. Kibao hakisemi.

#20 Mpima_Viwanja
Au karani wa kikoloni alikuwa na orodha ya majina mkononi akayagawa kwa mpangilio, kama vijana wa 2022. Pembeni kuna Sikukuu, kuna Mchikichi, kuna Aggrey yule mwalimu wa Gold Coast. Mchanganyiko ule hauonyeshi mpango mmoja.

#21 Mtoto_wa_Shangani
Assalam alaykum. Kwetu Unguja hayo tumeyaona zamani. Creek Road imeitwa Benjamin Mkapa Road, na kibao kipo, lakini watu wanasema Darajani, na hilo daraja halipo tena. Kuna Gizenga Street pale Mji Mkongwe, watalii wanapita wananunua vinyago, muulize muuza duka Gizenga ni nani. Mwengine atakwambia ni Mhindi mwenye nyumba. Zamani ikiitwa mtaa wa Wareno. Na hivi vichochoro vyetu, Kajificheni, Sokomuhogo, Kiponda, nani alikaa kikao kuvipa majina? Sheha wa wakati huo hakuulizwa.

#22 Wa_Bukavu
Ndugu wa Shangani, Gizenga ni wetu wa Kongo. Antoine Gizenga, naibu wa Lumumba kwenye serikali ya 1960. Aliishi sana mzee yule, akarudi akawa waziri mkuu kuanzia 2006 hadi 2008, akafariki 2019. Miye nilikuja Unguja kutembea, nikaona jina lake ukutani, nikapiga picha nikatuma nyumbani. Baba hakuamini.

#23 Konda_wa_Zamani
Sasa mnaona? Hoja yangu namba mbili. Mimi nimening'inia mlangoni miaka 14, nawaambia jina linaloshika ni lile linalotoka mdomoni kwa pumzi moja. "Mapipa, Mapipa!" "Dampo!" "Ubungo Maji!" Hakuna konda atakayepiga kelele "Barabara ya Mheshimiwa Balozi Mhandisi Fulani, shuka!" Abiria atapitilizwa. Jina refu linakufa siku ya kwanza.

Na heshima kubwa kuliko zote haitoki halmashauri. Ni lile neno "kwa". Sinza kwa Remmy. Remmy Ongala alikuwa mtoto wa Kivu, akaja Dar na gitaa, akakaa pale, watu wakaanza kusema kwa Remmy. Amefariki 2010 na kituo bado ni chake. Mtoni kwa Aziz Ali vilevile. Hakuna aliyesaini muhtasari.

#24 Mama_Ntilie_Kinondoni
Konda hapo sikuachii. "Kwa" inawapata wenye nyumba kubwa, baa, gereji na muziki. Mwanamke aliyetembea na chemli usiku na nyumba yake ya udongo, nani atasema "shusha kwa bibi"? Huyo ndiye anayehitaji kikao.

#25 Konda_wa_Zamani
Dada, kituo cha "Kwa Bibi" nimekitangaza mwenyewe, sehemu mbili tofauti. Lakini nimekuelewa.

#26 Mpita_Njia_254
Majirani, hujambo nyote. Nairobi tumeyapitia haya kwa moto, na moto wenyewe ulikuwa wa kweli. Baada ya uhuru, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, na leo hakuna anayetamani Hardinge arudi. Lakini mwaka 2021 Dik Dik Road kule Kileleshwa ilipata kibao kipya cha Francis Atwoli, kiongozi wa wafanyakazi, yungali hai. Watu walikuja juu mitandaoni, kibao kikang'olewa, kikachomwa moto. Kisa hicho kimenifunza kwamba mwenye nyumba hataki kuamka na kukuta anwani yake imebadilika usiku. Pwani_Mchanga, sahihi za wenye nyumba za njia hiyo unazo?

#27 Mwana_Mvita
Na Mombasa je, ndugu? Salim Road ikawa Digo Road, twaishi nayo vyema. Lakini Ndia Kuu ni Ndia Kuu tangu enzi za mababu, na nani atathubutu kuigusa? Jina lenyewe laeleza kazi yake. Hata lafudhi yetu imo ndani: sisi si watu wa "njia".

#28 Pwani_Mchanga
Mpita_Njia_254, njia yetu ina nyumba 38. Tumepata sahihi za nyumba 27. Nyumba sita wenyewe hawakai hapa. Tano wamekataa, na anayewaongoza ni mzee ninayemheshimu sana. Alisimama mkutanoni akasema, "Tulimzika kwa heshima, akapewa dua, inatosha. Jina la mtu mwema halitupwi barabarani likakanyagwe."

#29 Shabiki_wa_Msimbazi
Huyo mzee ana hasira na familia tu.

#30 Karani_Mstaafu
Usimhukumu usiyemjua. Nimekutana na wazee wenye msimamo huo zaidi ya mara moja. Wapo wanaoamini kabisa kwamba jina la marehemu lina mahali pake pa kutajwa, kwenye dua au tambiko, na nguzo ya njiani si mahali pake. Pwani_Mchanga, nenda kwake na kilo ya sukari, ukae, usibishane. Kisha hoja yake iandikwe kwenye muhtasari kama alivyoitoa. Muhtasari wenye sauti ya aliyekataa unaaminika kuliko ule wa "wote waliafiki".

#31 Msafiri_wa_Kigali
Suluhisho lipo rahisi, wakuu. Kigali njia zina herufi na namba. KN ni Nyarugenge, KG ni Gasabo, KK ni Kicukiro. Unampa mwenye pikipiki namba, unafika mlangoni. Hakuna ugomvi wa familia wala kibao kuchomwa.

#32 Mama_Ntilie_Kinondoni
Na bibi mkunga anakuwa KG ngapi?

#33 Msafiri_wa_Kigali
Hapo sina jibu, mama.

#34 Muuguzi_wa_Zamu
Naomba nimtetee Msafiri kwa kisa changu. Kata ninayofanyia kazi ina njia tatu zinazoitwa Msikitini, kwa sababu kila mtaa una msikiti na kila mtaa ulijipendekezea jina lake. Usiku mmoja tulipigiwa simu, mama ana uchungu, mtoto ametanguliza mguu. "Njia ya Msikitini, geti la bluu." Dereva alikwenda Msikitini ya kwanza, geti la bluu lipo, wenyewe wamelala. Msikitini ya pili pia. Tulipofika ya tatu ilikuwa dakika 40 zimepita. Mama alipona, mtoto alipona, lakini nilimshika mkono njia nzima huku nikimlaani aliyepitisha majina yale. Kwa hiyo Pwani_Mchanga, kabla hujapendekeza jina, pitia orodha ya kata nzima. Bibi yenu akiwa mkunga, angependa njia yake ipatikane haraka.

#35 Pwani_Mchanga
Muuguzi, hili neno la mwisho nitalisoma mkutanoni kama lilivyo.

#36 Mtanzania_Chicago
Wakuu nimechelewa, tofauti ya saa. Huku wana njia ya kati. Barabara ina jina lake rasmi, liko kwenye kibao cha kijani, na ndilo linalotumika kwenye barua na hati. Halafu diwani wa eneo anapeleka pendekezo kwenye baraza la jiji, likipita wanaongeza kibao cha pili, cha kahawia, chenye jina la heshima. Anwani haibadiliki hata herufi moja. New York nao wana utaratibu wa kufanana na huo. Kwa nini msibaki na Njia ya Transfoma kwenye mfumo, na chini yake mkaweka kibao cha bibi?

#37 Mpima_Viwanja
Wazo zuri, hasa kwa wale watano wenye hofu. Wenye leseni ya makazi, wenye mikopo benki, wenye leseni ya biashara, hakuna atakayesumbuka.

#38 Mama_Ntilie_Kinondoni
Transfoma juu, bibi chini? Transfoma ambayo haipo? Siafiki.

#39 Msomaji_wa_Ramani
Naungana na Mama. Kinachoitwa heshima kikikosa anwani, baada ya miaka 20 kinakuwa pambo la nguzo. Mshume Kiyate ana anwani kamili na bado anapigania mdomo wa mbeba mizigo. Kibao cha pili kitapigania nini?

#40 Jirani_wa_Neukölln
Huku nimeona kibao cha jina chenye kidogo chini yake kinachoeleza mtu huyo alikuwa nani. Mstari mmoja au miwili. Mtoto wa shule anasoma akisubiri basi. Hilo mnaweza kulifanya bila kuomba ruhusa ya mfumo.

#41 Mkazi_wa_Muyenga
Kutoka Kampala, kwa kifupi: Februari 2025 Mahakama Kuu yetu iliamuru majina ya wakoloni yaondolewe kwenye barabara za jiji. Kuondoa kumeamriwa. Kuweka nani, hapo ndipo kila kabila na kila chama wana orodha yao.

#42 Kiti_cha_Mbele
Uzi huu niuchapishe niupeleke kwa mwenyekiti wetu. Pwani_Mchanga tupe mrejesho.

#43 Pwani_Mchanga
Mrejesho wakuu, samahani kwa kimya cha wiki tatu.

Nilikwenda kwa mzee. Nilikaa tangu alasiri hadi magharibi. Kumbe la kukanyagwa lilikuwa la mkutanoni. Alichoniambia nyumbani kwake ni kwamba nguzo ya kwanza ya njia yetu, ile ya 2022, iliibwa haikumaliza mwezi, ikauzwa chuma chakavu. Waliporudisha ya pili, mganga wa kienyeji akabandika tangazo lake juu ya maandishi. Mzee akasema, "Huyu mama alimpokea mwanangu wa kwanza na wa mwisho. Nisingependa kuona jina lake kwenye mzani wa vyuma chakavu." Nilikosa la kusema.

Mkutano umekaa Jumamosi. Muhtasari unasema "njia" kila mahali, Mpima_Viwanja pokea shukrani. Mahudhurio 61, wamesaini wote. Hoja ya mzee imeandikwa neno kwa neno. Wao watano wamekubali kwa sharti kwamba nguzo iwe imara na wakazi wailinde.

Bado jina. Watoto wake wanataka jina la kwenye kitambulisho, la baba yake. Wanawake waliojifungulia kwake wanasema jina hilo hawalijui, wao walimwita kwa jina la kupewa, na ndilo walilolitaja wakiwa na uchungu. Vijana wamependekeza tu "Njia ya Mkunga". Mabishano yaliendelea hadi giza.

#44 Konda_wa_Zamani
Njia ya Mkunga. Pumzi moja.

#45 Mama_Ntilie_Kinondoni
Jina walilomwita wenye uchungu. Mkunga wako wengi, yeye alikuwa mmoja.

#46 Muuguzi_wa_Zamu
Angalia kwanza kama kata jirani haina Mkunga tayari.

#47 Pwani_Mchanga
Muuguzi, nimeangalia. Kata ya upande wa pili wa mto wanayo, Mkunga Street, kibao kimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo tumerudi kwenye majina mawili, na familia inakaa Ijumaa baada ya swala. Karani, tukichelewa kulipeleka faili kata mwezi huu tunasubiri hadi lini?

#48 Karani_Mstaafu
Hadi kikao kijacho cha kata. Lipelekeni faili likiwa na jina moja. Mkipeleka mawili, watawachagulia.

#49 Fundi_Chuma_Mbagala
Nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Na mimi nilizaliwa mikononi mwa mkunga wa namna hiyo, kule Rufiji. Nguzo nitaitengeneza mimi, gharama yangu. Bomba la inchi tatu, chini nakatiza vyuma viwili kama msalaba viingie kwenye zege, hakuna mtu atakayeing'oa kwa mkono. Herufi sitapaka rangi, nitazikata kwenye bati na kuzichomelea, asibandike mtu karatasi. Nipe urefu na idadi ya herufi.

#50 Pwani_Mchanga
Fundi, sina maneno. Urefu mita mbili na nusu juu ya ardhi. Herufi nitakutumia Ijumaa usiku.